Tamthilia Fupi na Mchezo wa Sauti Moja: Matini Zinazostahili Kurejeshwa katika Jukwaa la Nairobi

Tamthilia ya Kiswahili jijini Nairobi imezoea kufika mbele ya hadhira yake ikiwa imeshikwa mkono na mtihani. Kikundi cha waigizaji huchagua kitabu kilichoteuliwa kutahiniwa, hukifupisha kwa kadiri ya muda wa wanafunzi, kisha hukizungusha shule kwa shule, au huwaalika wanafunzi waje kwa mabasi hadi Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza ulioko mkabala na hoteli ya Norfolk. Hadhira hiyo huja na madaftari. Hucheka panapochekesha, lakini kalamu haiko mbali, na mchezo unapokwisha maswali yanayoulizwa ni yale yale ya dhamira na wahusika. Hapana ubaya katika jambo hilo. Waigizaji wengi wa jiji wamepata riziki kwa njia hiyo, na wanafunzi wengi hawajapata kuona mchezo mwingine wowote. Ubaya uko katika kile kinachoachwa nje. Mtihani wa fasihi wa kidato cha nne uliitengea hadithi fupi nafasi yake, na diwani kama vile Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine (2007) na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016) zikasomwa nchi nzima. Tamthilia fupi haikutengewa nafasi yoyote. Kitabu kimoja chenye urefu wa kutosha kuujaza muhula ndicho kilichohesabiwa kuwa tamthilia.

Kutokana na mpangilio huo umezuka mtazamo, usioandikwa popote lakini unaotawala madarasa mengi, kwamba tamthilia fupi ni zoezi la mtunzi ambaye hajapevuka, na kwamba mtunzi huyo akishapevuka ataandika kitu kirefu zaidi. Mtazamo huo hauna mashiko. Baadhi ya majaribio ya kijasiri kabisa katika historia ya tamthilia ya Kiswahili yamefanywa katika kurasa chache, na mengine yamefanywa kwa sauti ya mtu mmoja tu jukwaani. Makala haya yanapendekeza baadhi ya matini hizo kwa waigizaji, walimu na watafiti wa Nairobi. Yanachunguza pia namna ambavyo watunzi wenyewe wamewahi kuzipendekeza kazi za watunzi wenzao, kwa sababu pendekezo la mtunzi ni aina ya uhakiki ambayo idara zetu za fasihi hazijaipa uzito unaoistahili.

Kwanza ni vyema kueleza kwa nini matini zenyewe zimepotea machoni. Sababu si ya kifasihi. East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, ndilo lililochapisha tamthilia fupi za Kiswahili za miaka ya 1950. Shirika hilo lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Kenya Literature Bureau ikarithi kazi yake nchini Kenya, lakini si kila kijitabu kilichorithiwa. East African Publishing House, iliyoanzishwa mjini humo humo mwaka 1965, ndiyo iliyotoa michezo ya awali ya Ebrahim Hussein na Hatia (1972) ya Penina Muhando. Nayo ilikufa katika miaka ya 1980. Vitabu vilivyokuwa na soko la shule vilipata walezi wengine. Vijitabu vyembamba havikupata. Mwenye kuvitafuta leo huvikuta katika rafu za maktaba ya chuo kikuu, au kwa bahati njema kwenye mikeka ya wauza vitabu vikuukuu katikati ya jiji, majalada yakiwa yamechanika. Wanafunzi wa uzamili wanaendelea kuandika tasnifu juu ya Kinjeketile (1969), wala hawastahili kulaumiwa, kwa kuwa Kinjeketile inapatikana dukani.

Kuna pia suala la nani anayependekeza. Nchini Kenya kazi ya kupendekeza imeachiwa vitabu vya miongozo. Mwongozo hueleza mchezo umesema nini. Huorodhesha maudhui, hutaja tamathali za usemi, hutoa maswali ya marudio. Mtunzi anapoisifu kazi ya mtunzi mwenziwe huuliza jambo jingine kabisa. Je, inachezeka? Nani aicheze, mahali gani, mbele ya watu gani? Yeye hutazama mlango mhusika anapoingilia, na muda mwigizaji anaopewa wa kuvuta pumzi. Anaweza kukosea katika kupima maudhui, lakini ni nadra kukosea katika kupima uhai wa mchezo.

Mfano ulio karibu zaidi na Nairobi unapatikana Kikuyu, magharibi mwa jiji, katika Shule ya Upili ya Alliance. Katika miaka minne mfululizo ya kipindi cha hali ya hatari, wanafunzi wa shule hiyo waliandika tamthilia za Kiswahili na kuziigiza: Henry Kuria na Nakupenda Lakini... (1954), Kimani Nyoike na Maisha ni Nini? (1955), Gerishon Ngugi na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi (1956), kisha B. M. Kurutu na Atakiwa na Polisi (1957). Shule iyo hiyo ilikuwa ikiigiza Shakespeare kila mwaka kwa fahari kubwa. Sambamba na hao alikuwapo Graham Hyslop, Mwingereza aliyehusika na muziki na drama katika koloni, ambaye mwenyewe alichapisha Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu mwaka 1957, na ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waliotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya. Michezo ya vijana wa Alliance haikubaki shuleni. Ilitolewa nje, ikachezewa watu wa kawaida, hata ikafika Nakuru.

Aliyezikumbusha dunia kazi hizo si mhakiki bali ni mtunzi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025), aliyekuwa mwanafunzi wa Alliance kuanzia mwaka 1955, alizitaja katika Decolonising the Mind (1986) alipokuwa akijadili lugha ya jukwaa la Kiafrika. Tangu hapo karibu kila anayeandika juu ya historia ya tamthilia ya Kiswahili huzitaja, aghalabu kwa mfuatano ule ule. Hapa ndipo pendekezo la Ngũgĩ linapostahili kuhakikiwa, kwa heshima zote. Yeye alizihitaji tamthilia hizo kama ushahidi: kwamba kulikuwa na jukwaa la Kiswahili kabla ya uhuru, na kwamba lilijitenga na siasa kali za wakati wake. Ushahidi huo ni wa kweli. Lakini mchezo uliogeuzwa ushahidi husomwa mara moja tu, kisha huwekwa kabatini. Warithi wa hoja yake wamefanya hivyo hivyo: wamezikariri anwani nne na kuacha kuuliza kilichomo ndani. Ni wangapi kati ya wanaozitaja waliowahi kuzishika mkononi?

Kwa upande wa fani, michezo ya Alliance ina kasoro zinazojulikana katika kazi za shule. Hata hivyo ina jambo moja ambalo tamthilia nyingi za baadaye zimelipoteza, nalo ni imani kwamba hadhira itaelewa bila kuhubiriwa. Watunzi wale walikuwa wanawaandikia watu waliosimama ukumbini baada ya kazi, wasio na daftari. Mchezo ukichosha, watu huondoka. Nakupenda Lakini... inastahili kurudishwa chapani, angalau kwa matumizi ya vyuo, na mahali panapofaa kuianzia kazi hiyo ni pale pale Kikuyu.

Ngũgĩ mwenyewe aliandika tamthilia fupi, na inashangaza kwamba wahakiki wa Kiswahili hawazigusi kwa kuwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Miongoni mwa zile tatu zilizotolewa katika kitabu kimoja mwaka 1970, This Time Tomorrow ndiyo inayofaa kutafsiriwa. Iliandikwa kwa ajili ya redio. Mandhari yake ni mtaa wa vibanda jijini Nairobi siku ambayo serikali ya jiji inakuja kuubomoa. Njango ni mama anayewauzia wafanyakazi supu. Bintiye, Wanjiro, anatamani maisha mengine. Na juu yao kuna sauti ya mwandishi wa habari anayepiga taipu ripoti kuhusu mtaa huo kana kwamba ni uchafu unaosubiri kuzolewa. Ubora wa mchezo uko katika mgongano wa sauti hizo mbili: ya mwandishi iliyo safi, yenye takwimu na adabu, na ya Njango iliyojaa moshi wa kuni. Hazikutani. Msikilizaji ndiye anayelazimika kuzikutanisha kichwani mwake.

Msomaji wa Kiswahili atazinduka hapo. Hadithi ya Said A. Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi nchini, ina mkahawa wa Mzee Mago katika mtaa wa Madongoporomoka, na jitu linalokula chakula chote cha wanyonge kabla ya mabuldoza kufika. Watunzi wawili, mmoja wa Limuru na mwingine wa Zanzibar, wameuona mji kwa jicho moja: anayetaka kuuelewa ubomoaji akae kwanza pale chakula cha maskini kinapopikwa. Na ubomoaji wenyewe haujawa historia. Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, ilibomolewa Mei 1990. Kariobangi ilibomolewa Mei 2020, wakati wa janga la korona. Tafsiri nzuri ya This Time Tomorrow, isiyozidi dakika arubaini jukwaani, ingesimama bega kwa bega na hadithi ya Said katika darasa lolote. Tahadhari moja tu. Mfasiri asimpe Njango Kiswahili cha Unguja. Mama anayeuza supu Nairobi ana Kiswahili chake, na anayekidharau basi amedharau mchezo wote.

Kwa ufupi itajwe pia The Scar ya Rebeka Njau, mchezo wa onyesho moja uliochapishwa katika jarida la Transition mwaka 1963. Mariana anawaongoza wasichana wa kijiji kukataa tohara, hadi yaliyopita katika maisha yake yanapofichuliwa na kutumiwa dhidi yake. Njau alisoma Alliance ya wasichana, huko huko Kikuyu. Lugha ya mchezo wake ni nzito mno mahali pengine, na mwisho wake unakuja kwa haraka, ila hapana mchezo mwingine wa kipindi hicho unaoonyesha kwa uwazi kama huu jinsi jamii inavyoshindwa kujibu hoja ya mwanamke kisha ikaugeukia mwili wake na historia yake. Nao ungali unasubiri Kiswahili.

Tukizirejea sasa kazi za Kiswahili chenyewe, hapana budi kukaa zaidi na Ebrahim Hussein, kwa kuwa yeye peke yake ameipitia njia yote, kutoka mchezo mfupi wa kawaida hadi mchezo wa sauti moja. Michezo yake miwili ya mwanzo, Wakati Ukuta na Alikiona, aliiandika akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam. Wakati Ukuta ndiyo inayojulikana zaidi. Binti, Tatu, anataka kwenda sinema na kijana aitwaye Swai, mama anakataa, nyumba nzima inatikisika. Wahakiki wameusoma kama mchezo wa mgongano wa vizazi, nao wamesoma sawasawa, lakini usomaji huo unaufanya mchezo uonekane mzee kuliko ulivyo. Kinachoubakisha hai ni masikio ya Hussein. Mama na binti hawajibizani hoja, wanajibizana maneno. Mmoja hulishika neno la mwenziwe na kumrudishia likiwa limepinda. Anayejua nyumba za pwani, au za Eastleigh na Pumwani, atautambua ugomvi huo mara moja. Na jina la mchezo limekatwa kutoka methali inayojulikana na wote, lakini mtunzi ameacha wazi ni nani hasa anayepigana na ukuta.

Alikiona hudharauliwa. Ni mchezo wa kuchekesha juu ya mke asiye mwaminifu, na mhakiki mwenye haraka huupita. Lakini Hussein aliuchota katika kichekesho, ule uigizaji mfupi uliokuwa ukitiwa katikati ya nyimbo za taarabu ili watu wapumzike na kucheka. Alirejea suala la kichekesho katika tasnifu yake ya uzamivu aliyoiandikia Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, mwaka 1975, alipokuwa akichunguza maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki. Hilo nalo ni pendekezo la mtunzi, na pengine ndilo pendekezo muhimu kuliko yote yaliyotajwa hapa, kwa sababu waliopendekezwa hawana majina: ni wasanii wa kichekesho waliobuni michezo yao bila kuiandika. Hussein alikuwa akisema, kwa vitendo na kwa utafiti, kwamba mchezo mfupi wa Kiswahili haukuletwa na shule ya wamishonari. Ulikuwapo, ukifanyika kati ya wimbo na wimbo.

Mwaka mmoja baada ya tasnifu hiyo, Oxford University Press ilitoa kitabu chembamba chenye michezo miwili, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976). Ndani yake kila mchezo umebebwa na msimulizi mmoja. Hakuna mabishano ya mama na binti, hakuna mlango wa kuingilia na kutokea. Kuna mtu aliyesimama, lugha ya mkato yenye mapigo ya ushairi, na watu wanaomsikiliza. Kazi hizi zilipokelewa kwa ukimya. Wengine walizihesabu kuwa mashairi. Wengine wakaziunganisha na malalamiko yaliyokuwa tayari yameielekea Mashetani (1971), kwamba Hussein amekuwa mgumu mno kueleweka. Baadhi ya vitabu vya historia ya fasihi huzitaja katika sentensi moja kisha hukimbilia Arusi (1980).

Ngao ya Jadi ndiyo inayopendekezwa hapa kwa nguvu zote. Kiini chake ni kisa kinachofahamika katika ngano za bara na pwani: jamii iliyotishwa na joka, na kuuawa kwa joka hilo. Msikilizaji aliyelelewa na ngano anajua pa kufikia. Joka likifa, watu husherehekea, na hadithi huishia hapo. Hussein anaendelea. Anamwongoza msikilizaji hadi baada ya sherehe, mahali ambapo ngano haikuzoea kwenda, na hapo ushindi unaanza kuonekana vingine. Kitabu kilitoka miaka kumi na mitano baada ya uhuru wa Tanganyika. Hapakuwa na haja ya kumtaja kiongozi wala chama. Kila msomaji aliweza kuhesabu miaka mwenyewe. Hata anwani ina kejeli yake. Ngao ni ya kujikinga, lakini ngao ya jadi inamkinga nani, aliyeuawa na joka au aliyelirithi pango lake?

Suala la fani ndilo zito. Mchezo wa mtu mmoja katika Ulaya, tuseme Krapp's Last Tape (1958) ya Samuel Beckett au La Voix humaine (1930) ya Jean Cocteau, unategemea upweke. Mzee wa Beckett anasikiliza sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa zamani. Mwanamke wa Cocteau anazungumza na simu. Watazamaji wapo gizani kama wezi, wanachungulia maisha ya mtu asiyejua kwamba wapo. Ukiondoa upweke huo, mchezo unaanguka. Mchezo wa sauti moja wa Hussein unategemea kinyume cha hilo. Msimulizi wa Kiswahili hawezi kuanza kabla hajajibiwa: akisema paukwa, lazima mtu aseme pakawa. Kwa hiyo mtu aliye peke yake jukwaani katika Ngao ya Jadi hayuko peke yake. Mhusika wa pili ni hadhira yenyewe, na Hussein ameuandika mchezo akijua kwamba mhusika huyo ana sauti, ana kumbukumbu ya ngano, na pia ana hatia, kwa maana hadhira hiyo ndiyo iliyocheza ngoma joka lilipouawa.

Iwapo usomaji huu ni sahihi, basi lile swali la kama kazi hizi ni tamthilia au ni mashairi linajibika. Shairi humtosha msomaji mmoja. Ngao ya Jadi ikisomwa na mtu mmoja chumbani, nusu ya wahusika hawapo. Ndiyo maana inaonekana ngumu. Ugumu huo hautokani na msamiati. Unatokana na kimya cha msomaji mahali alipotarajiwa kuitika.

Inafaa kuongeza kwamba hatua ya Hussein haikuwa ya kipekee kwa muda mrefu. Penina Muhando katika Nguzo Mama (1982) alimweka Bi Msimulizi jukwaani awe kati ya wahusika na watazamaji, ingawa yeye aliwapa wahusika wengine nafasi yao. Na katika Mashetani, kabla ya kazi hizi, Hussein alikuwa ameficha mchezo mfupi ndani ya mchezo mrefu: lile igizo la mwanzo la Shetani na Binadamu chini ya mbuyu, ambalo Juma na Kitaru wanalicheza kama mchezo tu, hadi linapokataa kuwa mchezo. Igizo hilo linaweza kutolewa na kuchezwa peke yake, waigizaji wawili na kiti kimoja, na mwalimu asiye na fedha za jukwaa atapata humo somo zima.

Baadaye Hussein aliirudia tamthilia ya wahusika wengi, na ilikuwa Nairobi iliyompa kisa. Kwenye Ukingo wa Thim (1988) iliandikwa baada ya kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, huko Ngong. Ukoo ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki Mei 1987. Kesi yenyewe ilikuwa jukwaa: siku nyingi umati ulifurika mahakamani katikati ya jiji, na magazeti yakachapisha ushahidi kama maonyesho ya mchezo. Kazi hii si fupi, na kwa hiyo iko nje ya mipaka ya makala haya, lakini anayeisoma baada ya Ngao ya Jadi atagundua kwamba Martha, mjane wa tamthilia, anapopambana na jamaa za Herbert huwa amebeba mzigo ule ule wa msimulizi wa 1976. Anasema mbele ya watu wanaomjua, waliokwisha kuamua.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba Nairobi haina waigizaji wa kuubeba mchezo wa sauti moja kwa Kiswahili. Pingamizi hili halikubaliki. Tangu miaka ya 1990 kumekuwapo katika jiji hili harakati za sigana, usimulizi wa jukwaani unaochanganya hadithi, wimbo na kuitikiana, na vikundi kama Zamaleo vikauendeleza mbele ya watu wa mjini waliodhaniwa kuwa wameisahau ngano. Tamasha la drama la shule na vyuo limekuwa na mashindano ya ukariri na ya usimulizi, na kila mwaka hutokea mtoto mmoja au wawili wanaoweza kuunyamazisha ukumbi wa watu elfu moja bila kitu chochote mkononi. Kinachowakosekea baadaye ni matini. Mtoto huyo akishatoka shuleni hupewa nafasi ya mzee wa kijiji katika mchezo wa mtihani, avae ndevu za pamba. Mtaala wa umilisi, unaoweka mkondo wa sanaa katika shule za upili za juu, ungeweza kurekebisha hali hii iwapo watayarishaji wake watakumbuka kwamba tamthilia haipimwi kwa kurasa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Sauti moja ni rahisi kuigharamia, na kilicho rahisi kugharamiwa huvutia wavivu. Yapo maonyesho ya mtu mmoja ambayo si chochote ila hotuba iliyovaa kanzu: mtu anasimama, anailaumu serikali, anapigiwa makofi, anaketi. Hilo halitofautiani na mahubiri ya kituo cha basi, na pengine mhubiri wa kituo cha basi ni mwigizaji bora kuliko yeye, kwa kuwa wasikilizaji wake wana safari na lazima awazuie. Kipimo kinachofaa ni kile ambacho Ngao ya Jadi inakitoa. Je, hadhira imepewa kazi gani? Kama kazi yake ni kukubali tu, basi hapana mchezo. Mtunzi chipukizi anayetaka kuandika kwa sauti moja aanze kwa kuandika majibu ya hadhira pembeni mwa ukurasa, kisha ayafute.

Kwa kikundi chochote kilicho tayari kujaribu, mpango unaopendekezwa ni wa jioni moja yenye sehemu mbili. Kwanza ichezwe Wakati Ukuta, bila kuihamishia katika zama za simu za mkononi, kwa maana sinema ya Tatu inaeleweka kama ilivyo. Baada ya mapumziko ije Ngao ya Jadi. Mahali pasiwe Ukumbi wa Kitaifa, ambako jukwaa limeinuka na taa huwatenga watu; ukumbi wa jamii wa Kangemi au Kawangware utafaa zaidi, au darasa kubwa katika kampasi ya Kikuyu baada ya viti kusukumwa ukutani. Taa za upande wa hadhira ziachwe zikiwaka. Msimulizi asimame kwenye usawa mmoja na watu, awaamkie kwanza, angoje waitikie. Wasipoitikia mara ya kwanza, asiendelee na matini. Arudie maamkizi hadi wamwitikie.